Sauti M: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na walimu, wazazi na wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Hapa kuna majibu ya maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili, wazazi, wanafunzi wa isimu na wanaosoma tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani. Neno "king'ong'o" humu lina maana ya sauti yoyote inayopitia puani: m, n, ny na ng'.

Sauti m inatokeaje?

Mambo matatu hutokea kwa pamoja. Midomo yote miwili hufumbwa. Kaakaa laini, ile sehemu ya nyuma ya paa la kinywa inayoishia na kimio, hushuka na kuacha njia ya puani wazi. Kisha nyuzi sauti za kooni hutetemeka. Hewa ikikuta mlango wa mbele umefungwa hutokea puani. Ulimi hauna kazi katika m, kwa hiyo huwahi kujipanga kwa ajili ya irabu inayofuata. Ndiyo maana m ya "mimi" na m ya "moto" hazilingani kabisa ukizisikiliza kwa makini.

Unaweza kuyathibitisha haya mwenyewe. Vuta "mmmm" kwa sekunde tatu, halafu bana pua kwa vidole: sauti hukatika papo hapo. Weka kiganja kooni uivute tena, utahisi mtetemo. Shika kioo kidogo chini ya pua ukivuta m, kitaingia ukungu. Ukisema "ba" ukungu hautatokea, kwa sababu hewa ya b hutoka mdomoni.

Kwa hiyo m, b na p ni ndugu wa midomo. Kwenye b njia ya pua imefungwa. Kwenye p imefungwa na nyuzi sauti zimetulia.

Kwa nini mwenye mafua akisema "mama" husikika kama "baba"?

Kwa sababu pua imeziba. Midomo imefumbwa sawasawa na koo linatetemeka sawasawa, lakini hewa haina pa kutokea, na m isiyopata pua ni b. Vivyo hivyo n hugeuka d. "Nina mafua makali" hutoka kama "dida bafua bakali". K, f na l hazibadiliki, maana hazitumii pua. Mwalimu mwenye mwanafunzi anayesema hivi mwaka mzima, mvua na jua, asimrudi kwa makosa ya matamshi. Amwambie mzazi ampeleke akapimwe nyama za pua.

Kinyume chake nacho hutokea: b inageuka m, na maneno yote yanapita puani. Hapo kaakaa laini haliinuki vya kutosha, au paa la kinywa lina mpasuko. Kwa mtoto mchanga dalili moja ni maziwa kutokea puani anaponyonya. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo pa kuanzia: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Kwa kawaida m ni miongoni mwa konsonanti za mwanzo kabisa, na mtoto wa miaka mitatu huwa anaitamka bila shida.

Ni kweli m ndiyo konsonanti iliyoenea kuliko zote duniani?

Ndiyo. Hifadhidata ya PHOIBLE, iliyokusanya orodha 3,020 za sauti kutoka lugha 2,186, inaonyesha m katika asilimia 96 ya orodha hizo. K ina asilimia 90, p 86, n 78 na t 68.

Hizo namba za n na t zisomwe kwa uangalifu. Zinaonekana ndogo kwa sababu wataalamu hugawa sauti hizo kulingana na mahali ncha ya ulimi inapogusa: kwenye meno, kwenye ufizi, au nyuma yake. Kila mahali huhesabiwa kama sauti yake. Midomo haina mgawanyo wa namna hiyo, kwa hiyo m hubaki moja. Hata ukiziunganisha aina zote za n, hoja haibadiliki: lugha isiyo na king'ong'o chochote ni adimu sana.

Lugha gani hazina m?

Ziko za aina mbili, na ni vizuri kuzitenganisha.

Aina ya kwanza haina king'ong'o hata kimoja kama fonimu, yaani sauti inayotofautisha maana ya maneno. Kiquileute na Kimakah, lugha za pwani ya jimbo la Washington nchini Marekani, zilikuwa na m na n zamani. Baadaye m ikawa b na n ikawa d, ule ule mwendo wa mafua, ila huku ukawa badiliko la kudumu la lugha. Kirotokas cha kati, kisiwani Bougainville huko Papua New Guinea, nacho hakina. Kipirahã cha Amazoni nchini Brazili hutoa m, lakini kama sura nyingine ya b tu.

Aina ya pili ina n lakini haina m. Kimohawk cha Amerika Kaskazini hakina m, p wala b katika maneno yake ya asili. Jina Marie lilipowafikia wenyewe walilifanya Wari. Kitlingit cha Alaska na Kiarapaho ziko kundi hili.

Ndonya ya mdomo wa juu iliathiri m ya Kimakonde?

Swali hili huulizwa sana, na lina mantiki yake: anayevaa kipande cha mti mdomoni atafumbaje midomo? Wako watu waliodhani hivyo hata kuhusu Watlingit, ambao wanawake wao walivaa pambo katika mdomo wa chini, na lugha yao haina m.

Jibu letu ni kwamba Kimakonde chenyewe kinapinga dhana hiyo. Vizazi vya wanawake wa nyanda za juu za Newala walivaa ndonya, na Kimakonde kina m na p hadi leo. Lugha haishiki umbo la mdomo wa mtu mmoja. Mtoto hujifunza kwa baba, wajomba, kaka na wenzake pia, na msemaji aliyevaa pambo hujua kurekebisha matamshi ili aeleweke.

Kwa nini neno la mama lina m katika lugha nyingi hivyo?

Mwanaisimu Roman Jakobson alilijibu hili mwaka 1960, akitumia maneno 1,072 yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Murdock. Asilimia 55 ya maneno ya mama yalikuwa na king'ong'o, na ya baba asilimia 15 tu. Maelezo yake: mtoto anaponyonya midomo imeziba, na sauti pekee inayoweza kutoka ni ya puani. Anapoachishwa ziwa au kuona maziwa huirudia sauti ile kuomba. Mzazi aliye karibu huichukua kuwa anaitwa.

Hii si sheria. Katika Kijojia, cha nchi ya Jojia, "mama" ni baba, na mama ni "deda".

Watoto wetu wanaandika "mutu", "muti", na wengine "ntoto". Wanakosea wapi?

Masikio yao hayana kosa. Wameandika walichonacho, na kila kosa lina mzizi wake.

M ya "mtu", "mti" na "mkorosho" ilikuwa mu- katika lugha ya kale iliyozaa lugha za Kibantu, ambako mtu alikuwa *muntu (nyota ni alama ya neno lililokisiwa na wataalamu). Kiswahili kimeidondosha u mbele ya konsonanti nyingi, ila hakikuidondosha kila mahali. Mbele ya irabu imekuwa w: mwalimu, mwembe, mwaka. Mbele ya u imebaki: muungano, muuguzi. Mbele ya h pia hubaki mara nyingi: muhogo, muhimu. Sasa mtoto wa Masasi ambaye nyumbani kwao Wayao husema "mundu", au wa Tandahimba ambaye kwao ni "munu", anaposikia "mtu" huirudisha u mahali anapoijua.

"Ntoto" na "nkorosho" zina njia nyingine. Katika Kimakonde kiambishi mu- mara nyingi kimebaki king'ong'o tu, na king'ong'o hicho huifuata konsonanti inayokuja: mwanamke ni "nkongwe", wanawake ni "vakongwe". Msemaji aliyezoea hivyo husogeza m ya Kiswahili kuelekea t au k bila kujijua. Kiswahili sanifu hakikubali kusogea huko kwenye maandishi: kiambishi hubaki m mbele ya konsonanti yoyote. Mtoto, mdudu, mgomba, mzee, mkulima.

Chanzo cha tatu kipo darasani, na hiki ndicho tunachokitilia mkazo. Herufi ikifundishwa kwa kutamkwa "mu" au "me", mtoto akiunganisha "mu" na "tu" hupata "mutu", na amefuata alivyofundishwa. Fundisha sauti yenyewe, midomo imefumbwa, bila irabu mwishoni: mmm.

Hilo neno *muntu lilifika vipi kuwa "mtu" huku, "munu" kule?

Tazama wingi wake: Waswahili husema watu, Wayao ŵandu, Wamakonde vanu, Wamakua atthu. Zote zimetoka kwenye nt moja.

Tatizo la nt ni la kupanga muda. N inataka pua wazi na koo linatetemeka. T inataka pua ifungwe na koo litulie, na yote mawili yabadilike kwa pamoja ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kila lugha ilitafuta nafuu yake. Kiyao kimeacha koo liendelee kutetemeka, t ikawa d. Kimakonde kimeacha pua wazi hadi t ikapotea. Kimakua na Kiswahili zimeitupa n, na mahali pake pumzi imebaki kwenye t. Pumzi hiyo bado husikika kwa wazee wa pwani, ambao paa wa porini ana p yenye pumzi na paa la nyumba halina.

Kwa mtazamo wetu kuyapanga maneno haya manne katika jedwali dogo ni somo zuri zaidi la isimu kwa kidato cha tano kuliko mifano mingi ya vitabuni, kwa sababu wanafunzi wa darasa moja hapa kusini wanaweza kulijaza wenyewe kutoka majumbani mwao.

"Mtwara" ina silabi ngapi?

Tatu: m-twa-ra. M hapa ni silabi kamili, ingawa haina irabu. Ina muda wake na inaweza hata kubeba mkazo.

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "mtu" lina silabi mbili, m-tu, kwa hiyo mkazo uko kwenye m. Vivyo hivyo mto, mji, mti, mvi, mpya. Ongeza silabi moja mwishoni na mkazo huhama: mji ni M-ji, mjini ni m-JI-ni. Katika Mtwara uko kwenye "twa".

Lakini si kila m iliyo mbele ya konsonanti ni silabi. Katika "mbegu" na "mbali" m na b ni kitu kimoja, kinatamkwa kwa mfumbo mmoja wa midomo: mbe-gu, mba-li. Ukikata maneno mwisho wa mstari, nyumba hukatwa nyu-mba, kamwe si nyum-ba. Ila ziko "mbu" na "mbwa": hizi zingekuwa na silabi moja tu, na Kiswahili hakipendi neno la namna hiyo lisimame peke yake, ndipo m ikapewa silabi na mkazo. M-bu, m-bwa. N ya "nchi" na "nge" nayo hivyo hivyo.

Washairi wanaujua ukweli huu kupitia mizani. Hesabu: *Mtwara ninakujia, mkorosho nikapande*. M-twa-ra-ni-na-ku-ji-a, nane. M-ko-ro-sho-ni-ka-pa-nde, nane. Asiyeihesabu m kuwa mizani atasema mstari una upungufu wa mbili, na atakuwa ameukosea mstari ulio timilifu. Anayehesabu nd ya "nikapande" kama mbili ataona imezidi moja.

Nitajuaje m ipi ni silabi na ipi si silabi?

Angalia wingi. M ikiondoka au ikageuka mi- au wa- katika wingi, ni kiambishi na ni silabi: mnazi, minazi, mkulima, wakulima, mpira, mipira. Neno lisipobadilika katika wingi, m imeshikana na konsonanti: mbuzi, mbuzi, mbegu, mbegu, isipokuwa maneno mafupi kama mbu na mbwa tuliyoyataja.

Pale maandishi yanapofanana ndipo tofauti hudhihirika vizuri. Mbuni, mti wa kahawa, ni m-bu-ni, wingi wake mibuni. Mbuni, ndege mkubwa asiyeruka, ni mbu-ni, wingi mbuni. Katika "mtoto mbaya" kivumishi kina silabi tatu, m-ba-ya, na wingi wake ni watoto wabaya. Katika "njia mbaya" kina mbili, mba-ya. Kwenye mazungumzo ya haraka wengi huziunganisha. Katika usomaji wa shairi au taarifa ya habari zitenganishe.

Lini niandike m na lini n mbele ya konsonanti?

Kama ni kiambishi cha mtu, mti au nafsi, ni m daima, kama tulivyosema juu. Kama ni king'ong'o cha ngeli ya I-/ZI-, kinafuata mahali pa konsonanti: midomo ikihusika ni m, isipohusika ni n. Mbao, mbavu, mvua, lakini ndizi, njugu, ngoma, nzuri.

Konsonanti nazo hubadilika zikikutana nacho. L na r huwa d: ulimi, ndimi, kitu kirefu, njia ndefu. W huwa b: watu wawili, nyumba mbili. P, t na k hukimeza kabisa: ukuta, kuta, upanga, panga. Neno fupi la silabi moja ndilo hukihifadhi, ndiyo maana tunasema nyumba mpya.

Jambo moja la kutazama kwenye kioo: sema "mvua" polepole. Midomo haifumbani. Mdomo wa chini unagusa meno ya juu tangu mwanzo, kwa sababu unaiwahi v. Kwenye "mfalme" ni hivyo hivyo. Tunaandika m, masikio yanasikia m, lakini mdomo umefanya sauti yenye alama yake katika alfabeti ya kifonetiki, ɱ. Karibu lugha zote huitumia kama kivuli tu cha m. Kikukuya cha Kongo kinajulikana kwa kuifanya fonimu.

Herufi mbili, "mm", zina kazi gani? Si moja inatosha?

Haitoshi. Ya kwanza ni silabi, ya pili inaanza silabi inayofuata: m-mo-ja, m-me-a. "Amemeza" ni kumeza chochote. "Amemmeza" ni kwamba chatu amemmeza mtu au mnyama fulani. Midomo haifunguki katikati, muda wa kufumba ndio unaorefuka. Anayeandika haraka huidondosha moja, na hasa kwenye majina ya watu wa mikoa hii: mtu mmoja ni Mmakonde, Mmakua, Mmwera. "Yeye ni Makonde" ni kosa. Myao ana m moja kwa sababu shina lake ni -yao.

Sauti m kwenye tajwidi ni ile ile?

Ni ile ile, yenye kanuni zilizoandikwa kwa undani wa kupigiwa mfano. Mim yenye sukuni, yaani isiyo na irabu, ina hali tatu. Ikifuatwa na ba ni ikhfau shafawi: midomo hukutana kwa wepesi na ghunna ya puani huvutwa harakati mbili. Ikifuatwa na mim nyingine ni idgham shafawi, zinaungana na ghunna yake. Ikifuatwa na herufi nyingine yoyote ni idh-har shafawi, yaani hutamkwa wazi bila kuvutwa. Kosa la kawaida liko kwenye hali hii ya tatu, mbele ya waw na fa. Herufi hizo ni za midomo pia, kwa hiyo msomaji huanza kuificha mim kabla haijakamilika.

Nun yenye sukuni ikikutana na ba hugeuka mim, ndiyo iqlabu, na msahafu huweka mim ndogo juu yake: "min ba'di" husomwa "mim ba'di". Ni mwendo ule ule wa n kuwa m mbele ya b tuliouona kwenye "mbao". Kijapani nacho hufanya hivyo, "shinbun", gazeti, hutamkwa shimbun.

Kwa nini maneno mengi ya Kiarabu yaliingia Kiswahili kirahisi na m zake?

Kiarabu kina kiambishi cha m- kinachotaja mtenda au mahali, na Kiswahili kina m- ya mtu na ya miti. Mu'allim akawa mwalimu, na kwa kuwa tayari alifanana na neno la Kibantu, wingi wake ukawa walimu. Musafir akawa msafiri, wasafiri. Masjid ikawa msikiti, misikiti. Mtoto wa Kilwa hajui wala hahitaji kujua kuwa m hizo zilitoka mbali.

Ng'ambo ya Ruvuma wanaandika "bom" na "sim" lakini sisikii m. Kwa nini?

Katika Kireno, kinachotumika Msumbiji, m ya mwisho wa neno ni alama kwamba irabu iliyo kabla yake inapita puani. Midomo haifumbwi. Anayevuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala akasema "simu" au "bomu" kwa kumaanisha ndiyo na zuri ataeleweka kwa shida. Sema "si" ukiacha hewa ipite puani na mdomo wazi. Kifaransa kina desturi hiyo hiyo katika neno kama "parfum".

Kuna m za aina nyingine duniani?

Zipo. Kiburma kina m isiyotetemesha koo, pumzi tupu puani, na ni fonimu tofauti na m ya kawaida. Kishona kina m yenye pumzi nzito, huandikwa mh, kama "mhuri", familia. M inayosimama kama silabi si yetu peke yetu: Kikantoni hukanusha kwa m peke yake yenye toni, na Kiingereza huimalizia kwenye "rhythm".

Nitaifundishaje darasani, hatua kwa hatua?

Dakika 15 kwa siku, kwa wiki mbili, zinatosha kwa darasa la kwanza. Unahitaji kioo kidogo kwa kila kikundi na maneno manane ubaoni.

Anza na sauti tupu, wote wavute mmm wakiwa wamebana na kuachia pua. Ingia ma, me, mi, mo, mu. Chati nyingi za ukutani huishia hapo na kuruka kwenda mwa na mba, na hapo ndipo pengo lilipo. Chora kisanduku chenye m peke yake, ukiweke sawa na silabi nyingine, uwaambie hii nayo ni silabi.

Kisha makofi. Kofi moja kwa kila silabi: m-to, m-na-zi, m-ko-ro-sho, m-na-da. Mtoto atakayepiga kofi moja kwa "mto" ameimeza m, mrudishe kwenye kuivuta. Linganisha jozi ambazo m inabeba maana yote: nazi na mnazi, korosho na mkorosho, chungwa na mchungwa. Waonyeshe kitu chenyewe au picha, watamke, wainue kidole wakisikia m. Siku ya nne au ya tano ndipo ulete mba, mbe, mbi, mbo, mbu, kwa kofi moja. Ukizileta mapema darasa litazichanganya, na utatumia muda mwingi kurekebisha kuliko ulioutumia kufundisha.

Imla ije mwishoni. Soma neno kwa mwendo wa kawaida mara mbili, usilikate. Mwalimu anayesoma imla "mu…toto" ndiye aliyeandika kosa la mwanafunzi.

Ninataka kuipima m kwa kompyuta. Nianzie wapi?

Pakua Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Rekodi kwa faili la WAV, njia moja, sampuli 44,100 kwa sekunde. Maikrofoni iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi za p zisiigonge. Zima pangaboi: mvumo wake uko chini kwenye masafa, mahali pale pale m ilipo, na utaufuta ushahidi unaoutafuta. Upepo wa bahari ni adui yule yule, kwa hiyo rekodi chumbani penye mapazia au nguo.

Kwenye picha ya masafa, m huonekana kama ukanda mweusi chini kabisa, karibu hezi 250 hadi 300, na juu yake pamefifia ghafla. Irabu inapoanza picha hukolea kwa mkato. Pima kutoka mkato hadi mkato. Mpe msemaji sentensi ile ile yenye "amemeza" na "amemmeza", arudie kila moja mara tano kwa mpangilio uliochanganywa, na ulinganishe wastani. Usimwambie unachotafuta, ataanza kuvuta m kupita kiasi.

Kwa nini kwenye simu m na n hazitofautiani?

Simu ya kawaida hupitisha hezi 300 hadi 3,400. Mvumo wa m na wa n uko chini ya hapo au ukingoni, na hata ana kwa ana unafanana sana. Kinachozitofautisha ni namna irabu inavyoanza, midomo ikifunguka au ulimi ukishuka, na mtandao ukiwa dhaifu kipande hicho kifupi ndicho hupotea kwanza. Ukitaja jina la mkulima au namba ya ghala yenye herufi hizi, taja neno zima: M ya Mtwara, N ya Newala. Kisha mwombe aliye upande wa pili akurudishie kabla hajaandika.